Ganzi Mbele ya Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya mnada kule Kahama, miaka ya sabini, shavu langu limevimba mpaka jicho linafumba. Nilikuwa mpakiaji wa mpunga, nikimchumbia Mama Kulwa, marehemu mke wangu, na habari ya mahari ilikuwa bado haijakubaliwa kwao. Baba yake, aliyekuja mnadani kuuza ndama, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa baiskeli yake. Akaingia nami chumbani, akakaa, kofia magotini.

"Huyu anataka binti yangu," akamwambia daktari wa meno. "Hebu tumwone leo."

Daktari akatabasamu, akanichoma sindano ya ganzi karibu na gego la chini. Baada ya kitambo akauliza, "Ganzi imeshika?"

Mwanangu, mdomo wangu ulikuwa vilevile kama nilivyoingia nao. Lakini mkwe alikuwa ananitazama, na niliamini nikipiga kelele posa imekwisha. Nikasema imeshika.

Koleo liligusa jino tu, nikaona giza. Sikutoa sauti. Daktari akatazama miguu yangu, vidole vimejikunja ndani ya kandambili, akaliweka koleo chini.

"Mzee, naomba utusubiri nje kidogo."

Mlango ulipofungwa akaniuliza kwa upole, "Mdomo wa chini umekuwa mzito upande huu?"

"Hapana, daktari."

"Basi umenidanganya, na mimi nimekuuliza vibaya."

Akanieleza kwamba penye uvimbe dawa hushika kwa shida. Akachoma tena, nyuma zaidi, mbali na uvimbe, akangoja. Mdomo ukawa mzito, kama si wangu. Hata hapo hakuniamini. Aligusagusa fizi kwa chombo chenye ncha, pande zote za jino, huku akinitazama machoni. Ndipo akang'oa. Nilisikia kusukumwa, uchungu sikuusikia.

Nje, mkwe alikuwa ameegemea baiskeli.

"Mbona ulikuwa kimya vile?" akauliza. "Mimi langu lilipong'olewa nililia mpaka mke wangu akaitwa. Nilikaa mle ndani ili nikushike."

Mimi nilidhani ananipima.

Mchana ule, nyumbani kwao, Mama Kulwa alinipa uji uliopoa, ukanimwagika kidevuni bila mimi kujua, naye akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tumzike, nyumba hii imekuwa kimya sana.

Wewe unayejifunza kung'oa meno, kabla ya sindano waombe ndugu na wakwe watoke, kwa heshima. Usimuulize mtu kama ganzi imeshika, maana wa kwetu atakuitikia tu. Muulize mdomo wake ukoje, kisha ujaribu mwenyewe. Ukiona vidole vinajikunja, simama, hata kama foleni imefika barabarani. Wengi watakaa kwenye kiti chako na aibu inayowauma kuliko jino.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na subira ya kungoja dawa ifanye kazi yake.