Ndoo ya mlangoni, mimi ndiye niliyeimaliza

Leo nimeaibika, na hakuna mtu aliyenisema vibaya.

Tulipeleka watoto kwenye ile parke ya bembea kando ya ziwa. Na vita hii, wao pia wanahitaji kucheka kidogo.

Walitoka na muchanga mpaka magotini. Mlangoni mwa restora kuna ndoo ya kunawia mikono, maji yenye dawa juu ya kolera. Nikawaosha humo miguu wote wanne.

Tukakaa, nikaagiza mikebuka.

Samaki kufika, nikaenda kunawa. Ndoo tupu, chini matope.

Munanijua mudomo wangu. Nikamuita patron, mwenye restora, mbele ya watu wote.
"Papa, usafi gani huu, na kolera iko mujini?"

Akamugeukia mama mwenye kufagia, mukimbizi wa vita.
"Maji iko wapi? Kama kazi imekushinda, wengine wanaitafuta."

Mama akajibu tu, "Pardon, papa." Akaenda na ndoo bombani, kule mbali.

Hapo njo nikaona nyayo ndogo za matope, kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye meza yetu.

Alirudi mabega yamelowana. Akanimwagia maji mikononi yeye mwenyewe. Nikamuuliza polepole kama alituona.

"Nilikuona, mama. Kula, samaki itapoa."

Nikasema aksanti kwa sauti ndogo, ili patron asisikie.

Mpaka sasa patron hajui. Jina la yule mama sikuuliza.

Nisemeni, ninastahili. Ile samaki nilikula yote.