Wifi Yangu Akae Hata Milele

Nimekosa, na kosa lenyewe ni adabu. Nichekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Wifi yangu Neema, dada wa mume wangu, alikuja kwetu Peckham, hapa London, na binti yake mdogo baada ya ndoa yake kuvunjika. Walilala sebuleni. Miezi ilivyokwenda nilichoka, sitadanganya. Asubuhi moja jikoni nikamwambia, "Wifi, mwisho wa mwezi tafuta pengine."

Hakubisha. Alikwenda kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kueleza. Na kumbe sheria ya hapa ina huruma kuliko mimi! Si lazima ulale barabarani ndipo uhesabiwe huna makazi. Hata aliye chini ya paa, ikiwa mwenyeji amemtaka aondoke ndani ya wiki nane, anahesabiwa yu hatarini, na kaunsili inapaswa kumsaidia. Kilichobaki ni mimi kuthibitisha.

Wakanipigia simu. Neema ameketi mbele yangu, anakunja nguo za mtoto.

"Ni kweli unamtoa?" afisa akauliza.

Jamani, mimi! Nimfukuze wifi mbele ya watu baki? Mama mkwe kule Mwanza asikie?

"Hasha," nikasema. "Huyu ni ndugu yetu. Kwangu ni kwake, akae hata milele."

Neema alinitazama, akaendelea kukunja nguo. Angenikanushaje ndani ya nyumba yangu?

Afisa alinishukuru sana, akafunga jalada. Mimi nikarudia kununa na kugonganisha sufuria, mpaka Neema akafungasha akaondoka. Akawa analala kwa waumini wenzetu, leo Stratford, kesho Hounslow, mtoto mgongoni. Aliporudi kaunsili aliambiwa ameacha kwa hiari yake makao aliyokaribishwa milele. Kwa sheria, amejitakia, hawana wajibu wa kumpa nyumba.

Nilikwenda kukiri kwamba nilidanganya. Wakanisomea maneno yangu mwenyewe. Sijawahi kusema maneno mazuri kama yale, na ndiyo yaliyomfungia mtoto mlango. Yananiuma mpaka leo.

Kanisani bado nasifiwa kwa ukarimu. Mama mkwe naye alipiga simu kunishukuru, nikaitikia, "Amina, mama." Sebule yangu sasa ni safi, na siwezi kukaa humo.

Ndugu zangu mnaoishi na wageni, kaunsili wakiwauliza, msiwape maneno ya heshima. Wapeni yale mliyomwambia mgeni jikoni.