Omba Chumba Kabla ya Kununua Ploti

Nakumbuka asubuhi moja niliyotoka nyumbani kwa dada yangu, mjini Machakos, bila kujua niendako. Sikuwa nimegombana na mtu. Mguu wangu ulikuwa umezoea hivyo, Mwanangu. Ukikaa mahali pamoja kwa muda unaanza kuwasha. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimelala katika vyumba vya kupanga vya kila namna, Mombasa, Emali, Thika, miezi michache hapa, michache pale. Hata sasa ninapokuandikia, magoti yamechoka na macho yamechoka zaidi, na bado sijamiliki mlango hata mmoja. Lakini milango ya watu naijua. Kwa hiyo uliponiambia kwamba unataka kununua ploti ya vyumba vya kupangisha, na kwamba broka anakuharakisha, nikaona heri nikae chini nikusimulie jambo.

Dada yangu huyo aliitwa Nduku. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya tisini, watu walipokuwa wakipunguzwa kazi kila mahali. Naye akapunguzwa. Mumewe alikuwa ameshafariki, na watoto wake wawili walikuwa bado sekondari. Malipo yake ya mwisho ndiyo yaliyokuwa uzee wake wote, ndani ya bahasha moja. Yakipotea hayo, hakuna mahali pengine ambapo angeinama aokote.

Mabroka wakamtafutia ploti upande wa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile kubwa ya Mombasa. Vyumba kumi vilivyotazamana, rangi mpya, tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Alipelekwa kuiona siku ya Jumapili, akarudi amechangamka kama bibi harusi.

"Imejaa, Mutua!" aliniambia. "Kila mlango una pazia. Majiko yanawaka, watoto wanacheza. Hata wewe ukitaka chumba pale, hupati."

Ijumaa angetia sahihi mbele ya wakili.

Basi asubuhi hiyo ninayokuambia, katikati ya juma, nilitembea, nikapata lifti, nikatembea tena, nikajikuta Kyumbi. Hapo ndipo wazo la mzaha liliponijia. Niende kwenye ile ploti nijiandikishe katika foleni ya wanaongoja chumba, ili dada akishakuwa mwenye nyumba anikute mimi ni mpangaji wake, tuone kama atanifungia mlango kwa kufuli mwisho wa mwezi. Sikwenda kupeleleza, Mwanangu. Usinipe sifa ambayo si yangu. Nilikwenda kucheza.

Nilimkuta mwangalizi wa ploti, jamaa mwenye kofia ya sufu, ameketi juu ya tofali akichokonoa meno.

"Natafuta chumba," nikamwambia. "Nimesikia vimejaa, lakini hata kama ni kungojea, nitangojea."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua huwa na maji. "Kungojea nini? Chagua."

"Nichague kipi?"

"Chenye unataka, ndugu yangu. Kile cha mwisho kiko na hewa nzuri. Ukitaka viwili chukua viwili, utoboe ukuta ukae kama mbunge."

Nikacheka. Nikamuuliza, mbona Jumapili palikuwa na watu tele?

"Aa, hao!" Akapiga paja. "Hao ni vibarua wa shamba la mwenye ploti, kule Yatta. Kuna mama alikuwa anakuja kununua. Wakaletwa na lori, wao na watoto na majiko na pazia. Jioni wakarudi. Huyo mama aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja. Hata mimi nilimhurumia."

"Ukamhurumia, ukafanya nini?"

"Nikakunywa soda. Zilikuwa zimeletwa nyingi."

Nikaenda kwenye mfereji uliokuwa katikati ya uwanja, nikaufungua. Ukakohoa, ukatema kutu kidogo, ukanyamaza.

"Maji je?"

"Yatakuja."

"Lini?"

"Wewe unataka chumba ama unataka kuwa waziri wa maji?"

Nikazunguka nyuma. Choo kilikuwa kimechimbwa juu ya mwamba. Wachimbaji walifika walipochoka, wakajenga. Yule jamaa mwenyewe alikiri kwamba mvua ikinyesha sana, kilichoingia hutoka, na kwamba wapangaji wa kwanza waliondoka kwa sababu hiyo, wa pili kwa sababu ya kununua maji ya mikokoteni ya punda kila siku. Rangi ilipakwa baada ya wa pili kuondoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimetembezwa hadi mlangoni kwa dada yangu, kimevaa pazia.

Ungedhani nilikimbia moja kwa moja kumwambia. Sikukimbia. Nilijua jinsi atakavyonitazama. Habari mbaya ikibebwa na mtu asiye na kitanda huonekana kama wivu. Lori la mchanga lilikuwa limesimama barabarani, dereva akaniambia anaelekea upande wa Kathiani, nikapanda juu ya mchanga. Nilishuka Mitaboni jua likiwa limeshaanza kulegea, mchanga umejaa masikioni, sina ninayemjua pale. Nikaanza kuuliza chumba, maana mtu wa kutangatanga hufanya hivyo kwanza, kabla hata ya kula.

Ploti ya kwanza, hakuna. Ya pili, mwanamke aliyekuwa akianika nguo alicheka hadi akashika ukuta. "Chumba mwezi huu? Labda mtu afe, na hawa wote ni wazima, nimewaona asubuhi." Ya tatu walinielekeza kwa Mwaitu Kalondu, mama mmoja mzee, mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani. Alikuwa na vyumba vitano vya matofali yasiyowahi kupakwa chochote, mabati yamepiga kutu, na tangi kubwa la saruji likipokea maji ya mvua kutoka kila upande wa paa. Vyote vitano vilikuwa na watu. Alinipima kwa macho, akatazama begi langu, akasema, "Wewe mwanake, kijana, umechoka. Lala stoo, pamoja na magunia ya mahindi. Lakini panya wakikuuma, usiniambie mimi ni mwenye nyumba mbaya."

Akanipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nikala nikiwa nimeketi kizingitini kwake. Chakula kikanilegeza ulimi, nikamweleza yote, ya dada, ya bahasha, ya pazia na soda. Nilidhani atamlaani yule muuzaji. Alinigeukia mimi.

"Na dada yako aliuliza nini alipoenda kuona?"

"Aliuliza vyumba kumi vitaleta kodi ngapi kwa mwezi."

"Na wewe? Wewe uliyelala nyumba za watu mpaka pwani, ulimwambia aulize nini?"

Nikachota muthokoi mwingine.

"Mnauliza itazaa ngapi, kama vile ni ng'ombe," akasema. "Hata ng'ombe, mtu huuliza atakunywa maji wapi. Mnanunua mabati mkidhani mnanunua watu. Usihesabu milango, mwanake. Hesabu sufuria zilizo motoni siku ambayo hukutarajiwa."

Kisha akanipa neno la kumpelekea dada. Nduku asiwatukane wale watu, wala asiwaite waongo. Amwambie muuzaji jambo moja tu: kwamba kabla ya kutia sahihi angependa kupewa chumba kimoja mle ndani, akilipie kodi kama mpangaji mwingine yeyote, akae mwezi mmoja. "Mwenye nyumba safi atampa funguo leo leo," Mwaitu Kalondu akasema. "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi alale."

Nilirudi Machakos kesho yake. Mambo yakawa kama nilivyoogopa.

"Wewe!" Nduku alisema. "Wewe uliyeacha shule, usiye na hata kigoda, leo unanifundisha nyumba?"

"Kwa sababu sina kigoda, Nduku, nimekalia vya watu. Sikuombi uniamini. Omba chumba tu."

Akaenda kupiga pasi nguo za kwenda kwa wakili. Lakini Ijumaa ilipofika, kabla hajavaa viatu vya kwenda kwa wakili, alitoka akaenda kumpigia muuzaji simu kwenye kibanda, akaomba chumba. Alirudi polepole. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua.

"Amesema hakuna haja," akaniambia. "Amesema kuna mteja mwingine anangoja."

Akaketi. Hakulia, wala hakunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Bahasha ilikuwa bado ndani ya sanduku, chini ya shuka zake. Alichukua muda mrefu baada ya hapo, na karo ya watoto ikala nusu ya pesa zile. Mwishowe alijenga vyumba vitatu Mitaboni, juu ya kipande alichokipata kupitia watu wa kanisa lake, akaanza na tangi kabla ya msingi. Hakutajirika. Alikula, akasomesha, na wapangaji wake ndio waliombeba alipougua.

Lakini yule mteja mwingine alikuwepo kweli. Nasikia alikuwa mwalimu, naye akainunua ile ploti. Nimepita pale mara nyingi katika safari zangu, nikaona milango kumi imefungwa, rangi imebambuka, na moyo wangu huchoka kila mara, kwa maana mwalimu huyo hakuwa na ndugu mzururaji wa kwenda kuombaomba chumba.

Sasa nisikilize, Mwanangu. Ploti unayoitamani, usiende tena na broka. Nenda siku ya kazi, na nguo zako za kawaida, uulize chumba. Ukiambiwa chagua, rudi nyumbani. Ukichekwa, muulize jirani hao wanaocheka wanafanya kazi wapi, kwa sababu wakiwa wote wanategemea kiwanda kimoja, siku kikifunga lango, vyumba vyako vyote vitahama kwa lori moja. Fungua mfereji kwa mkono wako. Ingia chooni, hata kama umevaa viatu vizuri. Ngoja mvua kubwa ipite ndipo urudi kutazama paa na sakafu, maana kiangazi huficha mengi. Na hati ya shamba kaitafute mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, kisha waulize wazee wa ukoo kama waliuza kwa moyo mmoja; karatasi inaweza kuwa safi na ugomvi ukawa bado uko jikoni.

Anza na vidogo. Mwenye vyumba vinne na aishi kama mwenye vitatu, kwa sababu kimoja kitakuwa kitupu wakati fulani, au mtu wake atakuwa mgonjwa, au bati litakuwa limeng'oka. Kile cha nne si chako, ni cha nyumba yenyewe. Usikope ukitegemea chumba ambacho hakijapata mtu. Usinunue mbali na mahali unapoweza kufika kwa miguu yako, kwa maana nyumba isiyoonwa na mwenyewe huota nyufa. Na mpangaji akichelewa, kabla hujafungia mlango wake, muulize kwanza amekula nini. Wengine watakudanganya; mimi mwenyewe nimewahi kudanganya. Lakini wengi hukumbuka kwamba waliulizwa vizuri, wakakulipa, wakakaa miaka. Ninakuambia haya kama mtu aliyelala upande ule mwingine wa mlango.

Na ukikuta ploti mbovu kwa macho, matofali uchi, mabati yenye kutu, lakini sufuria zinachemka na hakuna hata mtu mmoja anayetaka kuhama, omba walau stoo ulale. Hapo umefika.

Mungu wa baba zetu akupe maji kabla ya milango. Akupe wapangaji wenye kazi na wewe akupe subira. Asikunyime usingizi kwa sababu ya mali, wala mali isikufanye ukamnyima mtu usingizi. Nami, popote nitakapokuwa nimetua begi langu, nitakuombea.