“Malkia wangu haazimi nguo”: Mama Mapembe na gauni lililofuliwa

Jua la asubuhi limeshafika kibarazani, na Mama Mapembe ameshika gauni jipya kabisa la hariri ya kijani. Analiparuza kwa msasa wa seremala. Anaparuza, analiinua kwenye mwanga, anasonya, anaparuza tena. Jirani anayepita na ndoo anasimama kidogo, anatikisa kichwa na kwenda zake.

“Mwache anione kichaa,” anasema bila kuinua macho. “Nguo hii ina umri wa miaka mia tatu. Tatizo nimemaliza kuishona juzi.”

Jina la Mama Mapembe alipewa na mtaa siku alipoanika kwenye kamba pembe za majini, alizozitengeneza kwa magazeti na gundi. Watoto walitimua mbio. Yeye aliona jina limemkaa, akaliacha. Kazi yake ni kubuni mavazi ya filamu za mambo ya kufikirika: majini, malkia, askari wenye magamba ya samaki. Kodi ya chumba, hata hivyo, inalipwa na sare za shule anazozishona kwa cherehani hiyohiyo.

Si hilo linalomkera. Kinachomkera ni kwamba katika filamu zake za nyuma ameandikwa kwenye skrini “fundi cherehani”, na moja hawakumwandika kabisa.

“Fundi anashona alichoambiwa,” anasema, sindano ikiwa mdomoni. “Mimi ndiye niliyesema nguo iwe vipi. Sasa nani alikuwa fundi wa nani?”

Ndiyo maana alipoitwa kwenye filamu ya malkia anayeibuka ziwani baada ya kuzama karne tatu, alimwekea mwongozaji sharti: aandikwe mbunifu wa mavazi, au amtafute mwingine. Mwongozaji naye akaweka lake. Gauni la malkia likifaulu mbele ya kamera, ataandikwa. Lisipofaulu, nguo zitakodiwa dukani na yeye atarudi kwenye sare zake.

Gauni hilo la malkia alilipiga msasa, akaliloweka kwenye chai ya rangi, akalizika uani, akaliunguza pindo kwa mshumaa. Lilipofukuliwa lilikuwa limechakaa vizuri mno. Akalitundika nyuma ya mlango, akatoka kwenda kutafuta shanga za taji.

Aliporudi jioni alilikuta kitandani, limekunjwa, linanukia sabuni. Mama yake mzazi, aliyekuja kumtembelea, alikuwa amelifua, amelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kila tundu amelitia kiraka. Picha za filamu zilikuwa zipigwe kesho yake.

“Niliona aibu, mwanangu,” mama huyo anajitetea hadi leo, kutoka ndani ya nyumba. “Mteja achukue nguo imejaa udongo? Si atauliza nilikulea vipi?”

Mama Mapembe anakiri kwamba hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. “Halafu nikamwona ameketi pale na miwani yake, amefurahi kunisaidia. Ningemwambia nini?”

Kesho yake, kando ya ziwa, mwongozaji aliliona gauni linavyong’aa. Alinyoosha kidole kwenye gari. Ndani yake lilikuwa linasubiri gauni la kukodi, shanga tupu juu mpaka chini.

“Kumbe lilishakodiwa! Alikuwa ananingoja nianguke tu,” anasema. “Nikamwambia mbele ya watu wote: malkia wangu haazimi nguo.”

Hakumtaja mama yake. Alimvisha mwigizaji gauni, akamshika mkono, wakaingia ziwani wote wawili mpaka kiunoni. Akamkalisha matopeni. Akamsugua mgongo kwa mchanga, akampaka majivu ya jiko la wapishi, akachana pindo kwa meno. Birika la chai ya wafanyakazi nalo likamalizikia kwenye mikono ya gauni, na watu wakanung’unika.

Viraka tu ndivyo vilivyomshinda. Uzi wa mama yake haukatiki.

“Tangu lini malkia aliyezama ana viraka?” mwongozaji akauliza.

“Kwani huko chini hana mama?”

Watu waliangua kicheko, na mwongozaji naye akashindwa kujizuia. Lakini kamera ilipowashwa, mwigizaji akaibuka kutoka majini akipapasa kiraka cha begani kama anayemkumbuka mtu, na kicheko kikakatika. Mwongozaji hakumpongeza mtu. Alisema waendelee na tukio linalofuata. Gauni la kukodi likarudi dukani bila kushushwa garini.

Filamu inatoka hivi karibuni. Mama Mapembe ameahidiwa kuandikwa, ila ahadi za mdomo amezichoka. Gauni analoparuza leo ni la dada wa malkia, kwa filamu ya pili, na ameshawaambia halitoki mlangoni kwake mpaka aone jina lake kwenye skrini kwa macho yake.

“Wakikataa, nitalivaa mwenyewe sokoni,” anasema.

Anaweka msasa chini. Anachukua mkasi, anachagua mahali begani, anakata tundu la upana wa kidole. Kisha anageukia ndani ya nyumba.

“Mama! Njoo na sindano yako.”