Uso wa Makarius

Ukitaka kumuudhi Aurelia, mwambie picha nzuri ya ngoma ni bahati. Mpiga picha huyu wa Bombambili atakuweka kitako akufundishe bila kuombwa. Ukumbini, simama dirisha likiwa ubavuni mwako. Flashi iache mkobani, maana inamgandisha mchezaji akawa sanamu. Mguu ukiwa hewani usibonyeze. Bonyeza unapotua, vumbi linapoinuka. Jua likiwa utosini, nenda kanywe chai. Na wacheza ngoma ya mganda, ambao huvaa nyeupe toka juu hadi chini, wapige asubuhi, na mwanga uupime kwenye shati.

Hiyo ya shati ndiyo iliyompa jina mjini. Ukipima mwanga usoni, shati jeupe huungua, likabaki doa tupu lisilo na kola wala kifungo. Ukipima kwenye shati, kila mkunjo wa pasi unaonekana. Nyuso zilitoka giza, lakini nani alijali? Wake za wachezaji walitaka pasi yao ionekane, na sifa wakammwagia Aurelia. Kizuri chajiuza, bwana.

Aliyempiga picha kuliko wote alikuwa mdogo wake, Makarius, kiongozi wa kikundi cha mganda. Picha za kusimama huyo hakuzitaka kabisa.

"Dada, nipige nikicheza," alikuwa akisema. "Nikisimama nafanana na mtu aliyeitwa polisi."

Mwaka juzi pikipiki yake iligongana na lori huko Madaba. Alifia hapo hapo, na simu yake ikasagika.

Mama yao, bibi Kunegunda, aliomba kitu kimoja tu: picha ya uso wa mwanawe, ikae mbele ya jeneza, kisha ukutani kwake. "Wewe ndiye mwenye picha zake," alimwambia Aurelia.

Aurelia akafungua kompyuta bila wasiwasi, kwani Makarius alijaa tele humo. Kola imenyooka, vifungo vinang'aa, soksi nyeupe pee. Juu ya kola, giza. Akafungua nyingine, giza. Nyingine tena, giza. Akasukuma mwanga hadi mwisho, uso ukaja wa kijivu, una chengachenga, macho hayaonekani yanatazama wapi. Misa ilikuwa inakaribia, akaichapisha hivyo hivyo.

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Mbona umempaka majivu?"

Jeneza likatoka na msalaba peke yake. Hakuna aliyemlaumu Aurelia, na hilo lilimchoma kuliko lawama.

Mganda uliporudi uwanjani, safari hii alipima mwanga usoni. Mashati yakaungua yote. Beda, aliyeshika nafasi ya mbele, akaja juu: "Dada Aurelia, sasa mke wangu alipiga pasi ya nini?"

Picha hiyo ya Beda ilikuwa mezani mama alipopita kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akaiokota, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Jasho lilionekana kwenye paji, na pengo la jino, na mikunjo ya kicheko kandokando ya macho. Aliitazama sana. Kidole chake kikapita polepole juu ya shavu la mtoto wa mwenzake.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema.