Siku Mbili Sifnos

Ukitaka kumwona Evanthia amefurahi, mwombe akupangie safari. Miaka thelathini na minne aliuza tiketi za meli katika kibanda kando ya gati la bandari ya Pireas, na ingawa amestaafu, wanawake wa jengo lao bado humfuata jikoni kumuuliza meli ipi haichafui tumbo na kisiwa kipi hakina ngazi nyingi. Ratiba zote anazo kichwani, hata za meli zilizokwisha kukatwa vyuma chakavu.

Septemba hii walikuwa watano waliotaka kwenda kisiwa cha Sifnos: waondoke Jumamosi, warudi Jumatatu, waone bahari, wapige picha, wale vizuri. Evanthia ni mzaliwa wa huko, kwa hiyo kazi ikamwangukia. Aliandika mpango kwenye daftari, akampa shoga yake Asimina wa ghorofa ya tatu pamoja na kikombe cha kahawa, akaketi kungoja sifa.

Asimina alivaa miwani. Akasoma kanisa la kwenye mwamba, akasoma vichochoro vya Kastro, akasoma wafinyanzi wa Vathi. Kisha akarudi tena mwanzo.

"Artemonas iko wapi humu?"

"Kuna nini Artemonas? Nyumba tu."

"Si ndiko ulikozaliwa?"

"Siku mbili hazitoshi, Asimina. Ukitaka kuona kila kitu, hamia."

"Wee! Unatuzungusha kisiwa kizima, roho zitutoke, ili tu usipite mlangoni kwa Kaliroi."

Evanthia akainuka kwenda kuosha kikombe ambacho Asimina hakuwa amekimaliza.

Kaliroi ni dada yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, na hawajasemezana mwaka wa kumi na moja sasa. Kisa chenyewe ni kidogo mpaka kinaudhi. Mama yao alipofariki, Kaliroi alimtaka mdogo wake awahi arobaini, wachemshe pamoja ngano inayogawiwa watu kumkumbuka marehemu. Evanthia, ambaye kutwa aliwaambia wateja kwamba wakinusa tu upepo wa kaskazini waondoke siku moja kabla, alibaki kibandani siku moja zaidi kwa sababu ya msongamano wa Agosti. Upepo ukapanda. Meli zikafungwa gatini siku mbili, naye akazitazama kupitia dirisha lake mwenyewe. Kaliroi aliichemsha ngano peke yake, akaigawa peke yake. Evanthia alipofika hatimaye, na boksi la keki mkononi, dada yake alimpokea mbele ya majirani kwa maneno mawili: "Karibu, mgeni." Evanthia akaiweka keki kizingitini, akarudi na meli ileile. Vichwa vigumu wote wawili, na mimi simtetei yeyote.

"Na dengu je?" Asimina hakuwa amemaliza. "Ulituahidi dengu za Jumapili."

Hapo Evanthia alikwama. Sifnos, jioni ya Jumamosi kila nyumba hupeleka chungu chake cha dengu kwa mwoka mikate, zikaiva usiku kucha tanurini, na watu huzichukua wakitoka kanisani. Na kwa Evanthia tanuri ni moja tu duniani, la mzee Zanis, Artemonas.

"Mpigie sasa hivi," Asimina akasema, "nikiona kwa macho yangu."

Evanthia akapiga. "Zanis, ni Evanthia wa Pireas. Naomba chungu kimoja cha dengu Jumapili ijayo. Tuko watano."

"Evanthia! Mtoto wee, bado upo? Mimi nikupikie, na nyumbani kwenu kunapikwa?"

"Kaliroi anaishi peke yake. Kichungu chake kitamtosha nani?"

"Nani kakwambia kichungu? Analeta kile cha mama yenu, kile kikubwa chenye kifuniko tulichokifunga waya. Kila Jumamosi! Namwambia, Kaliroi, wewe na paka wako mnakula kilo mbili? Ananijibu, 'Wewe pika tu, Zanis. Leo kuna meli.' Jumapili anawagawia majirani. Jumamosi huyo tena na chungu chake."

Evanthia akaaga haraka, akakaa chini. Machozi yalimtoka, asiyafute. Alimkumbuka dada yake, na aliona aibu, kwani yeye ndiye aliyezijua meli, na dada yake ndiye aliyekuwa akizingoja.

"Naogopa," alimwambia Asimina. "Akiniita mgeni tena, mimi sitarudi mzima."

Asimina akasogeza kiti karibu. Akamshika tu mkono.

Artemonas ni kijiji kidogo, habari haingoji gari. Kahawa ilikuwa haijapoa simu ilipolia, na jina lililotokea ni lile ambalo Evanthia miaka yote hiyo hakuwa na moyo wa kulifuta.

"Mko wangapi?" Hakuna salamu. Sauti imezeeka, inakwaruza, lakini ubabe ni uleule.

"Watano."

"Pamoja na wewe?"

"Na mimi, dada."

Evanthia alisikia paka akilia, kisha pua ikipengwa.

"Dengu zinalowekwa Ijumaa," Kaliroi akasema. "Na mimi macho yangu hayaoni vijiwe vya kuchambua siku hizi. Hao wenzako waje Jumamosi na miwani yao ya jua. Wewe njoo siku moja kabla."

"Nitakuja."

"Na usilete keki."

Simu ikakatwa. Evanthia akalivuta daftari, akafuta jina lake kwenye meli ya Jumamosi, na pembeni akaandika: Ijumaa.

"Ehe, na sisi nani atatupandisha melini?" Asimina akauliza.

"Mna miguu," Evanthia akamjibu, akacheka huku akilia, akaenda kutafuta begi.