Lenzi Iliyomfuta Paskalia

Niliondoka Musoma kwa sababu ya simu moja. Wambura, muuza nguo wa Bunda ambaye niliwahi kumpiga picha za harusi, alinieleza kwamba mama yake amerudishwa nyumbani Mugeta, na madaktari wamesema hawana cha kufanya tena. Alitaka picha nzuri ya uso, ya kuweka juu ya jeneza. "Ila yeye nimemwambia ni ya kitambulisho," akaongeza. "Usije ukaniumbua, kaka." Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo, lakini nilikubali.

Kwenye begi nilitia kamera yangu ya dijitali na lenzi moja ya zamani, ya enzi za filamu, niliyoiokota kwenye mitumba. Haijui kulenga yenyewe. Unazungusha pete yake kwa mkono, taratibu, mpaka kope za mtu zionekane moja moja. Wenzangu wenye lenzi za bei mbaya hunicheka, eti nazungusha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Nawaacha wacheke. Ukilifungua lote tundu lake la kupitisha mwanga, uso unatoka mkali na kila kilicho nyuma kinageuka ukungu laini. Wateja wanaupenda ukungu huo kupita kiasi, na mimi nilikuwa nikiringa nao.

Asubuhi, Bunda. Wambura alinipokea stendi, tukachukua pikipiki mbili. "Mama anapendaga kucheka," aliniambia kabla hatujapanda. "Mchekeshe kidogo, atoke vizuri." Barabara ilikuwa vumbi tupu. Pamba ilikwisha kuchumwa, mashambani yamebaki mashina makavu na ng'ombe wakitafuna walichokikuta. Njia nzima nilitafuta neno la kumchekesha mtu anayekufa, nikalikosa.

Mugeta, mchana. Mama Wambura alikuwa ameketishwa uani, kavalishwa kitenge chake cha kanisani. Kitenge kilimzidi, mabega yalikuwa yamekwisha.

"Karibu mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha ya jeneza?"

Wambura aliinamisha kichwa. "Ya kitambulisho, mama."

"Kitambulisho cha wapi? Cha huko ninaendaga?" Akacheka peke yake.

Aliomba kiti kihamishiwe nyuma ya nyumba, upande wa zizi. Nikadhani anafuata kivuli. Nilipiga goti, nikafungua tundu lote, nikaanza kuzungusha pete. Kazi ilikuwa ngumu, maana kila alipovuta pumzi mwili wote ulikwenda mbele na jicho lake likapotea ukunguni. Nikajifunza kumsubiri amalize kutoa pumzi, ndipo nibonyeze. Picha ilitoka safi ajabu: macho makali, ngozi imetulia, nyuma ukungu mtupu. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera huku najisikia fundi.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Na Paskalia yuko wapi?"

"Nani, mama?"

Akaelekeza kwa kidevu. Hatua chache nyuma ya kiti kulikuwa na kaburi dogo la saruji lenye msalaba. Nilikuwa nimelipita bila kuliangalia.

"Binti yangu. Homa ilimchukua akiwa bado anasoma. Alikufa hajapigwa hata picha moja, na wewe umemfuta." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mimi watanilaza kule mbele, kwa mume wangu. Ndiyo desturi ya ukoo huu, siwezi bishana nao. Huyu atabaki huku peke yake, na alikuwaga mwoga. Nataka tuwe wawili, hata kama ni kwa picha."

"Mama umechoka," Wambura alisema. "Hii inatosha."

"Nyamaza wewe."

Nikalibana tundu mpaka mwisho, ili vya mbele na vya nyuma vionekane pamoja. Tatizo ni kwamba tundu dogo linataka mwanga mwingi, au mtu asiyetikisika, na wingu lilikuwa limefunika jua. Kamera nikaiegemeza juu ya kinu. Sikulenga uso wake. Nililenga katikati, kati yake na kaburi. Jaribio la kwanza likatikisika, la pili pia. Mikono yake ilitetemeka, akaikalia.

"Niambie wakati," alisema.

"Sasa, mama."

Akashika pumzi. Niliona shingo ikimkaza, nikaogopa kwamba nitamuua kwa ajili ya picha. Kamera ikalia, naye akaanguka kifuani kwa Wambura akikohoa.

Katika picha ile mashavu yamebonyea, macho yana woga, uso una ukungu kidogo. Lakini nyuma yake msalaba umesimama wazi, na jina la Paskalia unaweza kulisoma. Akaligusa kwa kidole. "Haya. Nipelekeni kulala."

Jioni, Butiama. Nilirudi kwa njia hii, nikasubiri gari kando ya barabara bila kufungua kamera. Nilipofika nyumbani Musoma nikamtumia Wambura picha zote mbili, nikamwandikia kwamba chaguo la mama ni ya pili, yenye msalaba.

Mugeta tena, siku ya maziko. Juu ya jeneza, katika fremu kubwa yenye maua, ilikuwa picha ya kwanza. Waombolezaji walinishika mkono na kunisifu: imetoka kali, nyuma kumetulia. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeichapa ile ya pili kwenye karatasi, nikampa Wambura pembeni.

"Hapa amekonda sana, kaka," alisema. "Watu watasema hatukumtunza." Akaisukuma ndani ya koti. Si mtoto mbaya. Alilia kuliko wote.

Wakamlaza kando ya mumewe, mbele ya nyumba. Watu walipotawanyika nilisimama penye udongo mbichi nikatazama upande wa zizi. Nyumba imeziba, kaburi la Paskalia halionekani.

Bado naitumia lenzi ile, kwa sababu sina nyingine na kwa sababu ni nzuri. Ila kabla sijaifungua namuuliza mtu nyuma yake kuna nani. Wengi hucheka, wananijibu kuna ukuta tu. Wachache hugeuka kwanza kutazama, na hao nawabania tundu, hata kama nuru ni ndogo.